Kutoka Simi-Simi na Kamera

Simi-Simi ni mtaa wa Kisangani ulio upande wa magharibi, karibu na mto Kongo, mahali ambapo mji waanza kuchoka na njia ya Yangambi kuanza. Wazee hulijua jina hilo kwa sababu ya uwanja wa ndege. Kabla ya kujengwa uwanja wa Bangoka upande wa mashariki, ndege zilizokuja Stanleyville zilishuka hapa. Na alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji waliteremka hapa kwa miavuli, siku ambayo familia nyingi za mji huu hazijaisahau. Leo ndege kubwa za abiria hutua Bangoka, na huku Simi-Simi majani hukua pembeni na askari hulinda.

Twautaja uwanja huu kwa sababu msafiri mwenye kamera hupata hapa somo lake la kwanza, nalo ni kuificha. Katika Kongo hairuhusiwi kupiga picha viwanja vya ndege, kambi wala askari, na kamera ikionekana shingoni mwa mtu mahali kama hapa yaweza kumtia katika maelezo ya nusu siku. Basi tulipopita Simi-Simi asubuhi mapema, tukiwa watu wanne ndani ya motokaa ya kuazima, kamera zetu mbili zilikuwa chini ya kiti, zimezungushiwa kitenge kama mtoto mchanga.

Nia yetu ilikuwa kwenda hadi Yangambi, mwendo wa kilomita zipatazo 100, tukijiendesha wenyewe, tukapige picha za wanyama wa mwitu walio hai. Majirani walipolisikia jambo hilo walicheka. Mama mmoja auzaye kwanga kando ya njia alituuliza kama tumepotelewa na akili. “Wanyama wa Yangambi?” akasema. “Hao mtawakuta sokoni, tena wamekwisha kukaushwa.”

Mama huyo hakukosea sana, kama msomaji atakavyoona. Lakini kwanza tuseme neno juu ya hii iitwayo safari. Neno letu limechukuliwa na lugha nyingi za dunia, na huko lilikokwenda limepunguzwa maana. Kwetu mtu anayekwenda Isangi kumzika shangazi yake yuko safarini. Kwa wageni, safari ni kwenda kuwatazama wanyama, na siku hizi ni kwenda kuwapiga picha. Watu huja kutoka mbali, hukodi motokaa, hutandika hema juu ya paa lake, nao hujiendesha wenyewe siku nyingi bila kiongozi. Mambo hayo huwezekana Afrika ya Mashariki kwa kuwa nchi ni ya nyasi. Katika Hifadhi ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, baba aweza kuwapakia watoto wake asubuhi, na kabla ya saa sita wakawa wamempiga picha twiga ambaye nyuma yake zaonekana nyumba ndefu za mji. Katika Serengeti sharti ni kwenda polepole, usipite kilomita 50 kwa saa, usiiache njia, usishuke garini ila mahali palipowekwa, na jua likizama uwe umekwisha kufika kambini.

Siri ya kazi hiyo yote ni motokaa yenyewe. Wanyama wa mbugani wamelizoea gari tangu kuzaliwa kwao. Simba hulitazama kama mnyama mmoja mkubwa, asiyeliwa wala asiyekula, hivyo hulala kivulini mwake bila wasiwasi. Mtu akitoa mguu mmoja tu nje ya mlango, yule mnyama mkubwa huvunjika mara moja, na ndani yake hutoka mwanadamu. Simba huondoka, au hufanya jambo baya zaidi. Kwa hiyo motokaa huko ni kichaka cha kujifichia, nayo humletea mpiga picha mnyama karibu hata asiyekuwa na ufundi mwingi arudi na picha njema.

Sisi Wakongo nasi tulikuwa na mahali kama hapo, na watu wazima wa Kivu wanapakumbuka. Kule Rwindi, kusini ya ziwa Edward, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert na ambayo leo yaitwa Virunga, barabara kubwa yapita katikati ya mbuga. Abiria wa lori aliyekuwa akipeleka viazi na vitunguu aliweza kuona nyati na viboko bila kulipa kitu zaidi ya nauli yake. Vita vimeondoa raha hiyo. Tungependa siku moja watoto wa Goma na Butembo wairudishiwe, maana ni yao kabla ya kuwa ya watalii.

Wengine watauliza kwa nini hatukwenda Epulu, ambako njia ya Ituri huwapeleka watu wa Kisangani kwa mnyama wetu mkuu, okapi. Zamani msafiri mwenye motokaa yake aliweza kusimama Epulu na kumpiga picha okapi ndani ya ua, mnyama mwenye mistari ya punda milia miguuni na ulimi mrefu wa twiga, ambaye wataalamu wa Ulaya hawakumjua mpaka mwaka 1901. Mwaka 1992 msitu wa pande zile ulifanywa hifadhi kwa ajili yake. Lakini tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha waliingia Epulu, wakaua watu, miongoni mwao walinzi wa hifadhi, wakawaua na okapi 14 waliokuwa katika ua ule. Hawakubaki hata wa kuzalisha. Na katika miaka ya karibuni wilaya ya Mambasa imeshambuliwa mara nyingi, vijiji vimechomwa, wakulima wameuawa mashambani mwao. Kwenda huko kwa ajili ya picha, na kuwapita kwa motokaa watu wanaokimbia kwa miguu, ni jambo tusiloliweza. Ndiyo maana tulielekea magharibi.

Njia ya Yangambi ni nyekundu na nyembamba. Upande mmoja, mara kwa mara, waona mto au wausikia. Upande wa pili ni mashamba ya mihogo, vichaka vya mashamba yaliyoachwa, michikichi, kisha miti mikubwa inayorudi nyuma mwaka hata mwaka. Huku ndiko waliko Walokele, wavuvi na wapiga ngoma zisemazo, na Waturumbu, watu wa msitu. Motokaa ni chache. Wenye njia ni baiskeli. Zile ziitwazo toleka, zinazochukua abiria mjini, huishia karibu. Huku nje zipo zile za mizigo, zilizobeba makaa, mafuta ya mawese, mihogo, na juu ya mzigo, zimefungwa kwa kamba za mti, nyama zilizokaushwa kwa moshi. Tulihesabu kabla ya saa tatu: mboloko, yaani yule paa mdogo wa msituni, watano, nungu wawili, kima sita, mikono yao imekunjwa kifuani. Maneno ya mama wa kwanga yalikuwa yametimia, wala hatujafika nusu ya njia.

Yafaa kueleza kwa nini kumpiga picha mnyama hai katika msitu huu ni kazi ngumu hivyo. Kwanza ni giza. Miti mikubwa huinua vichwa mpaka mita 30 au 40, na majani yake huizuia nuru hata mchana wa saa sita huwa kama jioni. Kamera katika giza yahitaji kuacha jicho lake wazi muda mrefu zaidi, na kima hakubali kungoja. Picha hutoka ukungu mtupu wenye mkia. Pili ni unyevu, ambao huotesha kuvu ndani ya lenzi. Watu wa huku huhifadhi kamera katika mkebe uliotiwa mchele mkavu, dawa ndogo inayofaa. Tatu, na hili ni kubwa, wanyama wa msitu huu wanawindwa kila siku. Mlio wa motokaa ambao mbugani humtuliza simba, hapa huwaambia viumbe vyote umbali wa kilomita nzima kwamba mtu anakuja. Basi aliyezoea kupiga picha dirishani hana faida huku. Sharti uizime motokaa, uiache kijijini, utembee kwa miguu nyuma ya mtu anayejua.

Wa kwanza waliojaribu kazi hii hawakuitenga na bunduki. Mjerumani Schillings, aliyewapiga picha simba na punda milia usiku kwa mwako wa unga katika nchi ya Wamasai mwanzoni mwa karne ya 20, alikiita kitabu chake kwa majina ya vyombo vyake viwili, mwako na bunduki. Hapa kwetu alipita Herbert Lang. Yeye na mwenzake James Chapin walitumwa na jumba la makumbusho la New York, wakaingia Kongo mwaka 1909, wakapita Stanleyville kwenda misitu na mbuga za kaskazini-mashariki, nao hawakurudi kwao mpaka mwaka 1915. Lang alipiga picha zipatazo 10,000, akizisafisha msituni, huku vyombo vyake vikichukuliwa vichwani na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa kwa wino mwingi. Ni picha nzuri ajabu. Lakini wanyama wengi ndani yake walikwisha kuuawa, kwa kuwa kazi aliyotumwa ilikuwa kukusanya ngozi na mifupa, na picha ilikuja baadaye kama risiti.

Katika kijiji kimoja cha katikati ya njia tulisimama kununua ndizi. Kijana wa miaka kumi na sita hivi alituona tukiichungulia kamera, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amemshika kima mchanga aliyefungwa kamba kiunoni. Kima huyo alikuwa na doa jeupe puani na mkia mwekundu, na mikono yake ilishika kidole cha kijana kama mtoto ashikavyo.

“Baba, mpigeni picha,” akasema. “Bei ni ndogo. Na mkimtaka mwenyewe tutasikilizana.”

Mwenzetu mmoja, mwalimu, alikwisha kuinua kamera. Hatukuwa tumeona mnyama hai hata mmoja tangu alfajiri, na huyu alikuwa mbele yake, juani, hatua mbili tu. Lakini mama mmoja wa safari yetu, mwuguzi, aliuliza, “Mama yake yuko wapi, mwanangu?” Kijana hakujibu kwa maneno. Alielekeza kidevu chake jikoni, mahali moshi ulipokuwa ukitoka.

Tulinunua ndizi, tukamwaga kijana kwa adabu, tukaondoka. Lakini ndani ya motokaa hapakuwa na amani. Mwuguzi alisema kwamba anayelipa kwa ajili ya picha ya mtoto aliyefungwa ameagiza mtoto wa pili. Kima mchanga hakamatwi ila mama yake ameangushwa kwanza. Na mgeni akitoa noti kwa picha, kesho mwindaji atawatafuta akina mama wenye watoto, maana sasa wana bei mbili, ya nyama na ya picha. Aliongeza habari ya maradhi, kwa kuwa mate na kucha za wanyama hawa huweza kuwaletea watu magonjwa mabaya, na yule mtoto alikuwa akilala katika nyumba ya watoto. Mwalimu alinyamaza kilomita kadhaa. Kisha akasema, “Basi na lesula je?”

Hapo ikatubidi kufikiri sana, na habari hiyo yastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ilitokea katika jimbo letu la Tshopo na wengi wetu hatuijui.

Opala ni mji mdogo kando ya mto Lomami. Kutoka Simi-Simi huna budi kuvuka mto Kongo kwenda Lubunga, kisha kufuata njia za ng’ambo. Mwezi wa Juni 2007 watafiti waliokuwa wakifanya kazi pamoja na John na Terese Hart, Wamarekani walioishi miaka mingi katika misitu ya Kongo, walifika Opala. Nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi wakamkuta kima mdogo wa kike, amefungwa, wa aina ambayo hawakuwa wameiona katika kitabu chochote. Uso wake ulikuwa mtupu, nywele za kimanjano zimeuzunguka, na macho yake makubwa yaliwatazama kama macho ya mtu. Mwenye nyumba hakuona ajabu. Huyu ni lesula, aliwaambia. Wawindaji wote wanamjua. Wakampiga picha. Wakarudi tena baadaye kumwona akikua, na hali kadhalika wakawafuata wawindaji msituni ili kuwatafuta wenzake walio huru. Kazi ya kumpima, kulinganisha damu na mifupa, na kusikiliza milio yake ya alfajiri ilichukua miaka mitano. Mwezi wa Septemba 2012 habari yake ilitangazwa katika jarida la PLOS ONE, na miongoni mwa walioiandika yumo Mkongo, Maurice Emetshu. Kima akapewa jina la Kilatini, Cercopithecus lomamiensis, la mto wetu. Uso wake ulizunguka dunia katika siku chache, watu wa London na Tokyo wakiutazama kwa mshangao, huku wakulima wa Opala wakishangaa kwamba watu hao walikuwa hawamjui.

Mwalimu alikuwa na haki, basi. Picha ya mnyama aliyefungwa kamba, iliyopigwa nyumbani kwa mwalimu mwenzake, ilileta elimu mpya. Tena haikuishia katika elimu. Lesula huishi kati ya mto Lomami na mto Tshuapa, katika eneo lipatalo kilomita za mraba 17,000 tu. Mwaka 2016 serikali ilianzisha hifadhi ya taifa ya Lomami, karibu kilomita za mraba 8,900 katika majimbo ya Tshopo na Maniema, na sura ile ya kima ilikuwa kati ya hoja zilizowasadikisha watu kwamba msitu ule hauna mfano.

Lakini mwuguzi hakushindwa. Aliuliza swali moja: je, wale waliompiga picha walimnunua? Tofauti ndiyo hiyo, nasi tuliikubali sote mwishowe. Watafiti wale hawakutaka picha ya kuonyesha nyumbani. Waliuliza jina, wakauliza anapoishi, wakafanya kazi ya miaka mitano baada ya kuibonyeza kamera mara moja. Sisi tungempiga yule kima wa njiani kwa dakika mbili, tungemlipa kijana, na kabla ya jioni tungekuwa tumemsahau.

Uko mfano mwingine ambao twaona ni bora zaidi, nao ni wa Tanzania. Wanyakyusa wa mlima Rungwe walikuwa wakisema habari ya kima mwenye haya ambaye humwita kipunji. Mwaka 2003 watafiti walimwona huko nyanda za juu za kusini, na mwaka uliofuata wengine wakamwona Ndundulu katika milima ya Udzungwa, mbali na pale. Desturi ya wataalamu tangu zamani ni kwamba mnyama mpya hatambuliwi mpaka mmoja auawe, ngozi yake ikawekwe katika jumba la makumbusho. Kwa kuwa kipunji walionekana kuwa wachache mno, hawakumwua hata mmoja. Mwezi wa Mei 2005 walimtangaza kwa ushahidi wa picha za mnyama aliye hai na sauti yake. Wakubwa wa elimu walinung’unika, lakini lilipita. Baadaye mkulima mmoja alimkuta kipunji amekufa katika mtego shambani, na mwili huo uliwafaa wataalamu kumpima vizuri zaidi. Hakuna aliyepiga risasi.

Tukifika hapa yatupasa kusema habari ya mto, kwa maana anayepiga picha wanyama pande za Kisangani bila kujua habari ya mto huandika majina ya uongo chini ya picha zake. Nyani wakubwa hawaogelei, na mto Kongo ni mpana. Tangu zama nyingi umewatenga ndugu wawili. Ukingo wa kulia, upande wa Simi-Simi na Yangambi, kuna sokwe. Ukingo wa kushoto, upande wa Lubunga na Opala, kuna bonobo, mwembamba zaidi, mwenye uso mweusi na nywele zilizogawanyika kichwani kana kwamba amechana. Wataalamu waliwachanganya hao mpaka mwaka 1929, fuvu lililohifadhiwa Tervuren lilipochunguzwa vizuri. Wavuvi wa Kilokele huuvuka mto huo kila siku kuuza samaki, na katika saa moja ya kupiga makasia hutoka katika nchi ya mnyama mmoja wakaingia katika nchi ya nduguye.

Yangambi tuliifikia alasiri. Mahali hapo pana majengo marefu ya matofali ya kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji, nyumba zenye kuta za moshi wa miaka, na hazina ya majani makavu ya miti, sampuli zipatazo 150,000, ambazo watu wa Yangambi walizilinda wakati wa vita wakati hapakuwa na mshahara wala mgeni. Msitu unaozunguka ni hifadhi. Tuliomba ruhusa panapostahili, tukapewa mzee mmoja wa Kiturumbu atuongoze. Ujanani alikuwa mwindaji. Baadaye akawabebea watafiti kamera za kutega.

Kamera hizo ni masanduku madogo ya rangi ya majani, yanayofungwa shinani mwa mti kwa urefu wa goti. Ndani yake kuna chombo kinachohisi joto la mwili linalopita. Mnyama akikatiza, picha hujipiga yenyewe, usiku kwa mwanga ambao jicho halioni. Kwa kamera za namna hiyo okapi alipigwa picha mwituni katika Virunga mwaka 2008, jambo lililowafurahisha wengi, maana walikuwa wamekata tamaa juu yake huko. Kwa hizo hizo msitu wa Yangambi ulionyesha kwamba sokwe wangali wanapita humo. Mzee alitueleza jinsi alivyocheka alipoonyeshwa picha hizo mara ya kwanza. Alikuwa amepita njia ile ile asubuhi ya siku ile ile, na sokwe akapita nyuma yake baada ya dakika ishirini.

“Nilikuwa nikisema naujua msitu,” alituambia. “Kumbe msitu ndio unaonijua mimi.”

Tulitembea naye kabla ya mapambazuko siku mbili. Alituonya tusivae rangi nyeupe, tusinong’one, kwa kuwa mnong’ono huenda mbali kuliko sauti ya chini, na tukae chini ya mti uliodondosha matunda, tungoje. Tuliwasikia hondohondo wakipita juu kwa mabawa yenye mlio kama upepo wa mvuke. Kima wenye pua nyeupe walikuja saa moja na nusu, kundi zima, wakatikisa matawi, wakatuona, wakapotea. Katika picha sitini na zaidi, nne zilifaa. Moja tu yaonyesha uso. Siku ya pili tulipata kitu kimoja: nyayo za mboloko na mtoto wake, katika tope la kijito, mbichi hata maji yalikuwa bado yakijaa ndani yake. Mwalimu alizipiga picha akiwa amelala kifudifudi topeni, na nguo zake hazikutakata tena.

Jambo moja alilolisema mzee tunalitaja kwa ajili ya vijana wenye simu, maana siku hizi mwenye simu ana kamera. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa namba ambazo mtu mwingine aweza kuzifuata mpaka chini ya mti ule ule. Picha ya sokwe na mtoto wake, ikitumwa kwa marafiki kwa furaha, yaweza kumfikia mtu mwenye bunduki, naye akapata ramani bila kulipa. Wawindaji wa leo, alisema mzee, hawafuati nyayo tu. Basi kabla ya kutuma picha ya mnyama adimu uzime alama hiyo ya mahali, wala usilitaje jina la kijito.

Tuliporudi mjini tulizichapisha picha chache katika duka moja la Makiso, tukamtumia mzee kwa mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa akirejea Yangambi bila mzigo. Tulidhani atamtundika kima ukutani. Yule mwendesha baiskeli alileta jibu baada ya wiki mbili: picha ya kima mzee amempa mjukuu wake. Ile ya nyayo ameipeleka shuleni, na ameomba nyingine kubwa zaidi, kwa kuwa watoto wa nyuma hawaioni vizuri.